Mali Bila Daftari: Somo juu ya Sanamu za Kauri na Vitu vya Kale vya Nyumbani

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Karatu na Ngorongoro

Kila mmoja awe na daftari lake na kalamu. Kiongozi wa kikundi aandike ubaoni maneno haya manne: kauri, sanamu, alama, daftari. Yasomeni kwa sauti mara mbili. Haya, tuanze.

Somo la leo lahusu sanamu ndogo za kauri zilizotengenezwa Ulaya zamani, na watu wanaozikusanya. Huenda mama mmoja anajiuliza, "Sanamu za Wazungu zanihusu nini mimi ninayelima mahindi Rhotia?" Na mzee wa Endulen anasema moyoni kwamba yeye ana ng'ombe wa kuangalia, hana haja ya sanamu. Nawaombeni subira. Katika nyumba zetu nyingi mna kitu cha kale: kigoda, kibuyu, mkuki, shanga, ngozi ya bibi. Na watu wanaopenda kununua vitu vya kale hupita katika barabara yetu ya Karatu wakielekea Ngorongoro. Mtu anayekuja kununua kwako anayo elimu yake. Leo tutaitazama elimu hiyo, ili nasi tuitumie.

KAURI NI NINI?

Neno kauri mnalijua. Ni yale makombe madogo meupe ya baharini, yanayong'aa, ambayo tangu zamani watu hushona kwenye ngozi na mikanda. Watu wa Italia walipoona vyombo vyeupe vilivyotoka China, walivifananisha na kombe hilo, wakaviita kwa jina lake. Kiswahili nacho kimefanya vivyo hivyo. Basi kauri ni kombe, na kauri ni chombo cha udongo mweupe, mgumu, chenye kung'aa.

Chombo cha kauri si sawa na chungu. Mnaweza kujaribu wenyewe. Tafuteni kipande cha chungu kilichovunjika, na kipande cha kikombe cha kauri kilichovunjika. Tieni tone la maji penye ukingo uliovunjika. Chungu kitakunywa maji. Kauri haitakunywa, maji yatabaki juu. Tena kauri ikiwa nyembamba, ukiishika mbele ya jua utaona mwanga unapenya.

Wachina walijua kazi hiyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Vyombo vyao vilisafiri mbali, hata vikafika pwani yetu. Vipande vyake vimechimbuliwa Kilwa. Na huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yako makaburi ya zamani yenye nguzo, na katika nguzo hizo yalijengewa mabakuli ya kauri kuwa pambo. Kwa hiyo kupenda kauri si jambo la Wazungu peke yao. Watu wa pwani yetu waliipenda, wakawapambia nayo wafu wao.

SIRI YA MEISSEN

Watu wa Ulaya walinunua kauri ya China kwa bei kubwa, lakini hawakujua jinsi ya kuitengeneza. Katika nchi ya Saksonia, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani, alikuwako mtawala jina lake Augustus. Huyu alipenda kauri kupita kiasi. Mnamo mwaka 1717 alimpa mfalme wa Prussia askari 600 wapanda farasi, naye akapewa vyombo vya kauri 151. Fikirini: askari 600 kwa vyombo 151!

Augustus alikuwa na kijana mmoja kifungoni, jina lake Johann Friedrich Böttger. Kijana huyu alikuwa amejigamba kwamba aweza kugeuza madini ya kawaida kuwa dhahabu. Dhahabu haikupatikana. Basi akawekwa kufanya kazi ya udongo pamoja na mtaalamu Tschirnhaus. Walichoma udongo wa namna nyingi, mara hii unapasuka, mara hii unayeyuka. Mwishowe wakaipata siri.

Siri yenyewe ni hii. Unatakiwa udongo mweupe unaoitwa kaolini. Sisi pia tunao, uko katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam. Udongo huo huchanganywa na unga wa mawe fulani. Halafu huchomwa katika tanuri yenye moto mkali sana, kiasi cha digrii 1,400. Kumbukeni kwamba maji huchemka kwa digrii 100. Katika moto huo mawe huyeyuka kidogo, yakaushika udongo, na kitu chote kikawa kimoja, kigumu kama kioo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ndilo kiini cha somo letu. Tunajuaje habari hii? Ni kwa sababu mambo ya majaribio yale yaliandikwa. Iko karatasi ya tarehe 15 Januari 1708, yenye michanganyiko ya udongo waliyoijaribu. Karatasi hiyo imehifadhiwa. Böttger alikufa mwaka 1719, lakini maandishi hayakufa pamoja naye. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1710 katika ngome ya mji wa Meissen, na mpaka leo kiwanda cha kauri kiko katika mji huo.

Simameni hapa kidogo. Kiongozi aulize: kauri hutengenezwa kwa nini? Moto wake ni digrii ngapi? Mkisha jibu, endeleeni.

SANAMU NDOGO NA DAFTARI LA FUNDI

Mwaka 1731 kiwanda cha Meissen kilimwajiri fundi wa kuchonga, Johann Joachim Kaendler. Alifanya kazi huko mpaka alipokufa mwaka 1775. Huyu ndiye aliyezipatia sanamu ndogo za kauri sifa kubwa. Alitengeneza wachungaji, wachuuzi, wanamuziki, wachekeshaji, ndege na wanyama. Kazi ya sanamu hizo ilikuwa kupamba meza za wakubwa wakati wa karamu. Hapo kwanza meza zilipambwa kwa sanamu za sukari. Lakini sukari huyeyuka na huliwa na sisimizi, na kauri hudumu.

Jinsi ya kutengeneza sanamu ni hii. Fundi hutengeneza mfano. Mfano hukatwa vipande: kichwa mbali, mkono mbali, mguu mbali. Kwa kila kipande hufanywa kalibu. Udongo hutiwa katika kalibu, kisha vipande huunganishwa kwa udongo laini kama uji. Sanamu ikichomwa hupungua kiasi cha sehemu moja katika sita. Kisha hupakwa rangi kwa brashi nyembamba sana, na kuchomwa tena.

Mkizingatia mtaona kwamba kalibu moja yaweza kutoa sanamu nyingi, mwaka huu, na mwaka wa mbele, na hata baada ya miaka mia. Sasa mkusanyaji anajuaje ipi ni ya zamani na ipi ni ya juzi?

Hutazama mambo mengi kwa pamoja. Hutazama uzito, rangi, na sehemu ya chini. Hutazama alama ya kiwanda. Alama ya Meissen ni panga mbili za buluu zilizopishana, nayo ilianza kutumika katika miaka ya 1720. Na zaidi ya hayo, hutazama maandishi. Kaendler alikuwa akiandika mwezi kwa mwezi kazi alizozifanya: sanamu ya nani, ina umbo gani, imeshika nini. Maandishi hayo yapo. Mkusanyaji akishika sanamu ya mchuuzi leo, aweza kusoma mwaka ambao Kaendler aliifanyia mfano wake.

Augustus naye alikuwa na daftari. Kuanzia mwaka 1721 vyombo vyake vya kauri vilihesabiwa na kuandikwa kimoja kimoja. Kila chombo kilitiwa namba, na namba hiyo hiyo ikaandikwa katika daftari. Chombo kimoja cha namna hiyo kikionekana leo katika nyumba ya mtu aliye mbali, namba yake husomwa, daftari hufunguliwa, na watu hujua kwamba chombo hiki kilikuwa cha Augustus. Miaka 300 imepita, na namba bado yasema.

Hapo ndipo bei inapotoka. Sanamu ndogo isiyozidi urefu wa kiganja, ikiwa ni ya kweli na habari zake zimeandikwa, huweza kupata bei ya kununua ng'ombe wengi. Sanamu nyingine inayofanana nayo, isiyo na habari, haipati bei hiyo. Udongo ni ule ule, na rangi ni ile ile. Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

KIFARU ALIYEKOSEWA

Sasa nawapa habari ambayo watu wa Ngorongoro wataifurahia.

Mwaka 1515 kifaru mmoja aliletwa kwa meli kutoka India mpaka Lisbon, katika nchi ya Ureno. Kule Ujerumani mchoraji mashuhuri, Albrecht Dürer, alipata habari zake kwa barua na kwa picha iliyochorwa na mtu mwingine. Dürer mwenyewe hakumwona kifaru huyo. Hata hivyo alimchora. Akamvika ngozi kama mabati ya vita, na mgongoni karibu na shingo akamtia kipembe kidogo ambacho hakipo. Picha hiyo ilienea Ulaya. Kwa zaidi ya miaka 200 watu waliamini kwamba ndivyo kifaru alivyo. Katika miaka ya 1730 Meissen nao walitengeneza kifaru wa kauri kwa kuifuata picha hiyo, na kipembe cha mgongoni kikiwa pale pale.

Mwaka 1741 nahodha mmoja Mholanzi alileta Ulaya kifaru jike kutoka India, jina lake Clara. Alimzungusha miji mingi, watu wakalipa fedha kumwangalia. Mwaka 1747 Clara alifika Dresden, karibu na Meissen. Baada ya hapo mafundi wa Meissen walitengeneza vifaru walio karibu zaidi na kweli. Kwa hiyo leo mkusanyaji akiona kifaru wa kauri mwenye kipembe mgongoni, anajua kwamba mfano wake umetoka katika picha ya Dürer, wala haukutoka kwa Clara.

Mchungaji wa Nainokanoka asiyejua kusoma hata herufi moja angeliona kosa lile mara moja. Yeye amewaona vifaru wa Ngorongoro kwa macho yake. Anajua kwamba kifaru wetu mweusi ana pembe mbili, zote mbili puani, na mgongoni hana kitu. Elimu hiyo alikuwa nayo. Lakini haikuandikwa, kwa hiyo haikufika Meissen. Kosa lililoandikwa lilikaa miaka 200, na kweli isiyoandikwa ilibaki porini.

Na kweli ikiandikwa hufanya kazi. Mnakumbuka kifaru jike Fausta, aliyekufa katika Hifadhi ya Ngorongoro tarehe 27 Desemba 2019. Habari zilitangazwa duniani kote kwamba alikuwa na umri wa miaka 57. Ni nani aliyemwuliza Fausta umri wake? Alionekana na kuandikwa mara ya kwanza mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka mitatu hivi au minne. Basi kazi iliyobaki ilikuwa hesabu tu. Kama mtu yule wa mwaka 1965 asingeliandika, Fausta angelikufa akiwa kifaru mzee tu, basi.

Simameni hapa. Mzee mmoja katika kikundi aseme kitu kimoja anachokijua kuhusu mnyama, mti au mlima wa hapa kwetu. Mwanafunzi mmoja akiandike.

ALAMA ZA UONGO

Mahali penye bei kubwa, wadanganyifu hawakosi. Alama ya panga mbili imeigwa na watu wengi. Mjini Paris ilikuwako nyumba ya Samson, iliyoanzishwa mwaka 1845, ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza nakala za kauri za zamani, pamoja na alama zinazofanana na zile za kweli. Kwa hiyo wakusanyaji wenye akili hawasadiki alama peke yake. Huuliza: kitu hiki kilitoka kwa nani? Kabla yake kilikuwa kwa nani? Iko karatasi gani? Wanafuata njia ya kitu, kama vile ninyi mnavyofuata nyayo za ng'ombe aliyepotea.

Nasi kwetu hali ni hiyo hiyo. Kando ya barabara za watalii, kinyago kipya huweza kupakwa matope na moshi kikaitwa cha miaka mia. Mgeni akidanganywa mara moja, huacha kumwamini hata muuzaji mwaminifu. Mtu anayeuza kazi mpya ya mikono yake na aseme ni mpya, aandike na jina lake chini. Kaendler naye alikuwa fundi, na sanamu zake zilikuwa mpya siku alipozitengeneza. Jina la fundi hodari huongeza bei ya kazi yake.

TURUDI NYUMBANI

Sasa tutazame vya kwetu. Nataka tuzungumze juu ya sketi za ngozi za Wairaqw.

Zamani wasichana wa Kiiraqw walikuwa wakiwekwa ndani na kufundwa, na kipindi hicho kiliitwa marmo. Desturi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Katika kipindi hicho msichana alishona sketi ya ngozi, akaipamba kwa shanga nyingi, mistari juu ya mistari. Ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe, nayo ilionyesha kwamba amefundwa.

Zile shanga za kioo zilitoka wapi? Nyingi za shanga zilizofika bara zilitengenezwa Ulaya, hasa Venice katika Italia, na Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Cheki. Zilipita baharini, zikafika pwani, misafara ikazibeba mabegani. Basi shanga ilitoka Ulaya ikiwa kioo kidogo kisicho na maana kubwa. Ikafika kwa msichana wa Kiiraqw, naye akaifanya kuwa kitu ambacho hakikuwako duniani.

Leo nyingi za sketi hizo zimerudi Ulaya, na nyingine zimefika Marekani. Zimo katika majumba ya makumbusho na katika nyumba za wakusanyaji. Ukikuta kikaratasi chake kimeandikwa "sketi, Tanzania", utajua nini? Hutajua ni ya kijiji gani. Hutajua ni ya mwaka gani. Hutajua jina la msichana aliyeishona. Kaendler alipewa jina katika vitabu, kwa sababu kazi zake ziliandikwa. Msichana huyu alikuwa na mikono hodari kama ya Kaendler, lakini hapakuwa na mtu wa kumwandika. Pengine alikuwa bibi yake mmoja wenu anayesikiliza sasa hivi Mbulumbulu au Endabash.

Mambo haya huendaje? Huenda hivi. Mnunuzi anakuja wakati wa njaa, au wakati wa ada ya shule. Anaona kigoda cha babu, kimelala nyuma ya mlango. Anataja bei ya debe la mahindi. Mwenye nyumba anaona ni bahati, maana kigoda kile hakuna anayekikalia. Kinaondoka siku ile ile. Kikiwa mikononi mwa mtu wa tatu au wa nne, bei yake si debe la mahindi tena. Na habari zake zote, yaani nani alichonga, mti gani, aliketi nani juu yake siku ya baraza, zimebaki katika kichwa cha bibi mwenye miaka 80. Bibi akifa, kitu na habari zake havitakutana tena.

Sisemi msiuze kamwe. Mali ni yenu. Shida ni za kweli, na ada ya mtoto haingoji. Nasema msiuze bila kujua, na msiuze kabla ya kuandika. Hata kama kitu kitaondoka, habari zake zibaki katika daftari la nyumba. Mtoto atakayeuliza kesho apate jibu.

Jambo hili ni zito zaidi kwa wanaohama. Tangu mwaka 2022 ziko familia zilizotoka Ngorongoro kwenda Msomera katika wilaya ya Handeni. Mtu anayehama huweza kubeba kibuyu na mkuki. Hawezi kubeba kisima, mti wa baraza, wala kaburi la baba. Kitu kikiondoka mahali pake, ni maandishi tu yatakayosema mahali pake palikuwa wapi.

MAHALI PA KITU

Juu ya hilo la mahali, tunao mfano mkubwa hapa hapa. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, Bibi Mary Leakey aliona mfupa wa fuvu ukitokeza ardhini. Fuvu hilo ni la kiumbe aliyeitwa Zinjanthropus, naye aliishi kiasi cha miaka milioni moja na robo tatu iliyopita. Wataalamu walijuaje umri huo? Waliandika fuvu lilikutwa katika tabaka gani la udongo. Kisha wakapima majivu ya volkano yaliyo katika tabaka hilo. Kama mtu angeliliokota akalitia mfukoni, akaenda kuliuza bila kusema alikolitoa, lingelikuwa mfupa wa kale usio na umri. Kwa hiyo ukiona mfupa au jiwe la ajabu ardhini, usilichimbue. Weka alama ya mahali, ukatoe habari.

Iko na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na vitu kama hivyo haviruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Kama huna hakika na umri wa kitu chako, nenda kwa afisa utamaduni wa wilaya ukaulize kabla hujapokea fedha. Na ukiletewa karatasi ya kutia sahihi au dole gumba, isome kwanza mpaka mwisho. Ukishindwa neno, mwite mwenzako wa darasani. Kwa ajili hiyo ndiyo mnasoma.

KUTUNZA NA KUANDIKA

Wakusanyaji wa kauri wana kanuni zao za kutunza. Sanamu hushikwa chini kwenye kitako, haishikwi mkono wala kichwa. Vumbi huondolewa kwa brashi laini. Ikivunjika, vipande vyote huwekwa pamoja, hata kile kidogo kama punje ya mchele.

Nanyi tunzeni vyenu. Kigoda cha zamani usikipake rangi ya mafuta ati kipendeze, maana ule weusi uliotokana na moshi na mikono ya wazee ndio ushahidi wa umri wake. Sketi ya ngozi usiifue kwa sabuni. Usiikunje, itapasuka. Iweke mahali pakavu, mbali na jua kali, panya na wadudu. Shanga zikikatika, ziweke katika chupa pamoja na uzi wake wa zamani.

Kisha andika. Kwa kila kitu andika mambo sita. Someni mfano huu kwa sauti, mmoja mmoja:

Namba: 1.
Jina la kitu: Kigoda cha miguu mitatu.
Aliyekitengeneza: Babu yangu mzaa baba. (Andika jina lake kamili.)
Mahali na wakati: Rhotia, kabla baba hajazaliwa.
Kazi yake: Babu alikikalia akisuluhisha kesi za mipaka ya mashamba.
Aliyenieleza: Shangazi yangu. Tumeandika leo. (Andika tarehe na mwaka.)

Mnaona kwamba ni maneno machache. Mtu aliyesoma miezi michache aweza kuyaandika. Hilo la mwisho, "aliyenieleza", msiliache. Dürer aliandikiwa na mtu, naye akachora kosa. Ukiandika aliyekueleza, mtu wa baadaye atajua aanze wapi kuuliza. Na kama hujui jambo fulani, acha nafasi. Usitunge.

Namba iandikwe pia kwenye kikaratasi, kikafungwa kwa uzi kwenye kitu chenyewe. Usiandike juu ya ngozi wala usichore mti kwa kisu.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini sanamu mbili zinazofanana huweza kuwa na bei mbalimbali?
2. Dürer alikosa nini katika picha ya kifaru? Kwa nini alikosa?
3. Umri wa Fausta ulijulikanaje?
4. Mwaka gani umetajwa katika Sheria ya Mambo ya Kale kuwa mpaka wa vitu vya kale?
5. Je, ni halali kwa kijana kuuza kitu cha ukoo bila kuwauliza wazee? Jadilianeni, kila mtu atoe sababu.

KAZI YA WIKI HII

Nenda nyumbani, utafute kitu kimoja cha kale. Usichague cha bei, chagua kile ambacho mtu mzee kuliko wote nyumbani anaweza kukieleza. Keti naye jioni. Mwulize yale mambo sita, uandike kwa mkono wako, umsomee alichosema ili asahihishe. Wiki ijayo kila mmoja ataleta kikaratasi chake darasani. Kitu chenyewe kibaki nyumbani.

Msichelewe, wazee hawakai milele. Kwaherini, ndugu zangu, tutasikilizana wiki ijayo.